Vitabu 66, 73 na 81: Nani Aliyehesabu?

Kirungu, juu ya bandari ya Moba, kuna jambo linalojirudia matangani katika familia zenye makanisa mawili. Usiku wa pili wa msiba, moto wa kuni ukiwa bado unawaka, katekista anaomba utulivu na kufungua Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 12, pale Yuda Makabayo anapochanga fedha na kuzipeleka Yerusalemu ili sadaka itolewe kwa ajili ya askari waliokufa. Upande wa pili wa turubai, shemeji wa marehemu, Mpentekoste, anafungua Biblia yake ya zipu ili afuatilie. Anapita Malaki, anaingia Mathayo, anarudi nyuma, anatazama orodha ya mwanzo. Kitabu hakipo. "Shemeji, hicho umekitoa wapi?" anauliza kwa sauti ya chini. Mwenzake anamjibu kwa swali: "Ninyi mlikiondoa lini?"

Swali la kwanza ni zuri kuliko la pili. Hicho umekitoa wapi? Wote wawili wangeweza kujiuliza hivyo hivyo kuhusu Warumi, Yakobo au Ufunuo, maana hakuna hata kimoja kati ya vitabu 27 vya Agano Jipya kilichokuja na orodha ya wenzake. Msimamo wa safu hii ni kwamba orodha hiyo ilizaliwa katika kusomwa kwa sauti ibadani, kanisa kwa kanisa, kwa muda wa karne tatu hivi. Maaskofu na mitaguso walikuja mwishoni, wakatia sahihi kazi ambayo wasomaji, wanakili na waumini wa kawaida walikuwa wamekwisha kuifanya. Anayetafuta siku moja, chumba kimoja na kura moja hataviona, na upotofu mwingi kuhusu Biblia unaanzia hapo.

Neno lenyewe linasaidia. Orodha ya vitabu vitakatifu tunaiita kanuni, na neno hilo limetembea sana: asili yake ni mwanzi katika lugha za Kisemiti, Wagiriki wakaufanya fimbo ya kupimia, Waarabu wakalipokea neno kutoka kwa Wagiriki, nasi tukalipata kwa Waarabu. Kwa maana ya orodha ya vitabu halikuzoeleka hadi karne ya 4. Kwa zaidi ya miaka 200 Wakristo walikuwa na vitabu, wakivisoma, wakivilia na kuvifia, kabla hawajawa na jina la jumla la kuviitia.

Mambo yalianza na barua. Katika miaka ya 50 baada ya Kristo, Paulo aliwaandikia Wathesalonike akawaagiza barua isomwe mbele ya ndugu wote. Barua kwa Wakolosai inakwenda mbali zaidi: ikishasomwa kwenu, ipelekwe Laodikia, nanyi msome ile itakayotoka huko. Mtu wa Kirungu anaujua mtindo huu. Barua ya kichungaji inatoka kwa askofu Kalemie, inasomwa parokiani Jumapili, kisha katekista anabeba nakala hadi vijiji vya mlimani. Ya wakati ule ilikuwa na gharama kubwa zaidi, kwa sababu mafunjo yalinunuliwa, mnakili alilipwa, na kila herufi iliandikwa kwa mkono. Kwa hiyo jumuiya ilinakili ile tu iliyotaka kuisoma tena. Swali la kitabu kipi kina uzito lilijibiwa kwanza mfukoni.

Kufikia miaka ya 150, Yustino, mwalimu Mkristo aliyeishi Roma, anaeleza ibada ya Jumapili: watu wanakusanyika, wanasomewa kumbukumbu za mitume au maandiko ya manabii kadiri muda unavyoruhusu, kisha anayeongoza anahubiri. Jambo zito liko katika neno dogo "au". Injili imeketi kwenye kiti kimoja na Isaya, na hakuna mtaguso wowote uliokwisha kukaa kuipa kiti hicho. Karibu mwaka 200, huko Misri, barua za Paulo zilinakiliwa katika kitabu kimoja cha kurasa ambacho sehemu kubwa yake ipo hadi leo. Ndani yake Waebrania imewekwa mara tu baada ya Warumi. Mwenye kitabu hicho hakusubiri ruhusa ya mtu.

Je, hakukuwa na ubishi? Ulikuwepo, na ulisaidia. Karibu mwaka 144 kanisa la Roma lilimtenga Marsioni, tajiri wa meli kutoka Ponto, likamrudishia mchango wake wa sesterti 200,000. Marsioni alilikataa Agano la Kale lote, akabaki na Luka aliyempunguza pamoja na barua kumi za Paulo. Wengi husema kanisa lilitunga orodha yake ili kumjibu. Hilo linampa sifa kupita kiasi, kwa kuwa alipunguza kitu kilichokuwa tayari kikisomwa. Alichofanya ni kuwalazimisha wengine waseme kwa maneno yale waliyokuwa wakiyafanya kwa mazoea, na kufikia mwaka 180 hivi Ireneo wa Lyon anatetea Injili nne, bila kupunguza wala kuongeza, kama jambo ambalo kanisa lake limelizoea.

Namna uamuzi ulivyofanyika chini, kwenye mchanga, inaonekana vizuri zaidi kwa Serapioni, aliyekuwa askofu wa Antiokia kuanzia karibu mwaka 190. Alikwenda kutembelea Rhossus, mji wa pwani jirani, akakuta waumini wanagombana juu ya kitabu kinachoitwa Injili ya Petro. Serapioni hakukisoma. Aliona watu wake ni wa imani nyofu, akasema ikiwa hilo tu ndilo linalowagombanisha, basi kisomwe. Akaondoka. Baadaye akaambiwa kwamba waliokipenda kitabu hicho walikuwa wakifundisha kuwa Kristo alionekana tu kama mtu, hakuwa na mwili wa kweli. Akaazima nakala kutoka kwa watu wa mkondo huohuo, akaipitia yote, akakuta mengi yanapatana na mafundisho aliyopokea na mengine yameongezwa, akayaorodhesha yale ya kuongezwa, akawaandikia wa Rhossus wamtarajie upesi.

Tuutazame mwendo wa mzee huyu polepole. Hakuwa na orodha mfukoni. Angekuwa nayo, asingekiruhusu mara ya kwanza. Jina la Petro juu ya kitabu halikumtosha. Alipima mambo matatu kwa pamoja: kitabu kimepokewa kutoka kwa nani, kinasomwa wapi, na kinapatana au hakipatani na imani ambayo makanisa yalikuwa yakiiungama tangu zamani. Vitabu vya mafundisho hupenda kuyapanga haya kama masharti ya kujaza kwenye fomu. Kwa Serapioni yalikuwa safari, aibu kidogo ya kubadili kauli, na usiku kadhaa wa kusoma.

Nia njema nayo haikutosha. Tertuliano wa Kartago anasimulia habari za padre mmoja wa Asia aliyetunga kitabu cha matendo ya Paulo. Alipoulizwa, alikiri kwamba alikiandika kwa kumpenda Paulo. Akavuliwa madaraka. Na Mchungaji wa Herma, kitabu kilichopendwa mno Roma na Misri, hakikuwa na uzushi wowote wa kukifukuza. Kiliachwa nje taratibu kwa sababu watu walikumbuka kimeandikwa juzi. Orodha ya kale ambayo msomi Muratori aliikuta Milano na kuichapisha mwaka 1740 inasema hivyo hivyo: Herma asomwe, ila si mbele ya watu kanisani. Wataalamu wanabishana kama orodha hiyo ni ya karne ya 2 au ya 4. Safu hii inaegemea ya 2, kwa kuwa anayeiandika anazungumza juu ya Herma kama mtu wa wakati wake.

Sehemu ya hadithi inayostahili kufundishwa zaidi Kirungu ni ile iliyotokea Afrika, na kwa bahati mbaya ndiyo inayofundishwa kidogo zaidi. Tarehe 17 Julai mwaka 180, watu 12 wa Scilli, mji mdogo wa Afrika ya Kaskazini, walisimamishwa mbele ya liwali Saturninus huko Kartago. Liwali aliona wamebeba sanduku, akauliza lina nini. Sperato, msemaji wao, alijibu kwamba ni vitabu na barua za Paulo, mtu mwadilifu. Wote 12 walikatwa vichwa siku hiyo. Walikuwa watu wa mashambani, na hakuna daktari wa taalimungu kati yao. Lakini walijua kipi cha kutia sandukuni.

Miaka 123 baadaye mtihani ulirudi kwa ukali zaidi. Amri ya Diokletiani ya Februari 303 iliagiza Maandiko ya Wakristo yakabidhiwe na kuchomwa. Kumbukumbu rasmi ya msako mmoja imehifadhiwa, wa mji wa Cirta, leo Constantine nchini Algeria, tarehe 19 Mei 303. Karani anaandika kila kitu: vikombe viwili vya dhahabu, sita vya fedha, kanzu 82 za wanawake, jozi 47 za viatu vya wanawake, mali ya kanisa ya kusaidia maskini. Wanafika kwenye maktaba. Makabati ni matupu. Shemasi mdogo aitwaye Catulinus anatoa kitabu kimoja kikubwa sana. Mkuu wa mji anauliza: mbona kimoja tu? Anajibiwa kwamba vitabu wanavyo wasomaji. Ndipo msafara unaanza nyumba kwa nyumba. Kwa Eugenius wanapata vitabu vinne, kwa Felix vitano, kwa Victorinus vinane. Kwa Coddeo, mkewe anatoa sita.

Maandiko yalikaa majumbani mwa wasomaji. Mke wa Coddeo alijua vilipo. Na kila aliyegongewa mlango alikabiliwa na swali ambalo hakuna kikao cha maaskofu kilichowahi kulijibu kwa gharama kama hiyo: nikiwapa askari barua ya kawaida au kitabu cha tiba nimetenda dhambi? Na hiki je? Waliokabidhi Maandiko waliitwa wasaliti, na kanisa la Afrika lilipasuka kwa zaidi ya karne moja juu yao. Watu hawawezi kupasuka hivyo juu ya vitabu ambavyo hawajui kuwa ni vitakatifu.

Baada ya hapo orodha zilifuata upesi. Mwaka 367 Atanasi, askofu wa Aleksandria, katika barua yake ya kila mwaka ya kutangaza tarehe ya Pasaka, aliorodhesha vitabu vya Agano Jipya: 27, vile vile tulivyo navyo. Ni orodha ya kwanza inayojulikana yenye 27 kamili. Sinodi ya Hippo ya mwaka 393 na ya Kartago ya mwaka 397, Augustino akiwamo, zilitoa hesabu hiyo hiyo, zikaweka Tobiti, Yudithi na Wamakabayo katika Agano la Kale, na maaskofu hao wa Afrika wakaomba kanisa la ng'ambo ya bahari liulizwe ili kuthibitisha. Kabla ya hapo Magharibi ilikuwa ikisita juu ya Waebrania, Mashariki ikisita juu ya Ufunuo. Kila upande ulipokea kwa mwenzake kile ulichokuwa na mashaka nacho.

Sasa yale yanayosemwa vijiweni. La kwanza, kwamba Konstantino na Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325 ndio waliochagua vitabu. Mtaguso ule ulitoa kanuni 20, na hakuna hata moja inayotaja orodha ya Maandiko. Ngano ya vitabu kuwekwa altareni na vile vya uongo kuanguka chini inatoka katika maandishi ya Kigiriki ya karne ya 9, Voltaire akaieneza, riwaya za karne hii zikaipigia debe. Konstantino kweli alimwagiza Eusebi wa Kaisaria nakala 50 za Maandiko, karibu mwaka 331. Lakini Eusebi huyo huyo ameacha maandishi yanayoonyesha kwamba Yakobo, Yuda, 2 Petro na 2 na 3 Yohane bado vilikuwa vikibishaniwa. Agizo la nakala halikuufunga mjadala, na Atanasi aliandika miaka 30 baada ya Konstantino kufa.

La pili, kwamba kulikuwa na injili nyingi nzuri zilizofichwa. Mwaka 1945 huko Nag Hammadi, Misri, ziliibuka kodeksi 13, na mojawapo ina Injili ya Tomaso yenye semi 114. Ni maandishi ya thamani, yasomwe. Lakini yaliachwa nje kwa sababu makanisa machache mno yaliyasoma, na anayeisoma Injili ya Tomaso leo ataona mara moja kwamba haisimulii mateso wala ufufuko. Kuhusu Injili ya Barnaba, ambayo husikika kwenye mihadhara ya dini kuanzia pwani hadi Ziwa Tanganyika, heshima kwa pande zote inadai ukweli usemwe bila kejeli: nakala zake zilizopo ni za Kiitaliano na Kihispania, hakuna ya Kigiriki ya kale. Inasema yubile huja kila miaka 100, wakati Walawi 25 inasema 50. Yubile ya miaka 100 ilitangazwa na Papa Bonifasi VIII mwaka 1300. Injili hiyo ya Barnaba haikushindwa katika uchaguzi wa karne ya 4, kwa kuwa wakati huo haikuwepo.

La tatu ndilo la matangani, nalo linaumiza zaidi kwa sababu linasemwa kati ya ndugu. Mprotestanti hakuvichana vitabu kama Wamakabayo usiku mmoja, na Mkatoliki hakuviongeza katika Mtaguso wa Trento. Wakristo wa kwanza walisoma Agano la Kale kwa Kigiriki, na mkusanyo wa Kigiriki ulikuwa mpana kuliko wa Kiebrania. Yeronimo, mfasiri wa Biblia ya Kilatini, aliutaka ule mfupi. Augustino aliutaka ule mpana. Yeronimo alivifasiri Tobiti na Yudithi kwa kuombwa, na cha Tobiti anasema alikimaliza kwa siku moja. Hali hiyo ya mashaka na matumizi iliendelea kwa miaka zaidi ya elfu. Luther mwaka 1534 aliviweka pembeni, katikati ya Maagano mawili, akisema vinafaa kusomwa. Trento, tarehe 8 Aprili 1546, ikavithibitisha kuwa Maandiko kamili. Hata Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ilikuwa navyo. Kilichovitoa mikononi mwa Waafrika wengi ni uamuzi wa mwaka 1826, pale Chama cha Biblia cha Uingereza kilipoamua kutogharimia tena uchapaji wa vitabu hivyo. Biblia za wamisionari wa Kiprotestanti zilikuja baada ya hapo. Shemeji wa Kirungu ameurithi uamuzi wa wachapaji, na katekista ameirithi meza ya Mapadre Weupe, waliofika Mpala mwaka 1885 na Kilatini chao. Stefano Kaoze, Mkongo wa kwanza wa nyakati hizi kupewa upadre katoliki, aliyepewa daraja hapa Kirungu tarehe 21 Julai 1917, alilelewa kwa Biblia hiyo ya Yeronimo. Hakuna kati ya hawa aliyekwenda dukani kuchagua.

Makosa yapo pia upande wa wasomaji, na anayetetea benchi la kanisa lazima ayakubali. Barua ya uongo kwa Walaodikia, iliyoungwaungwa kwa vipande vya Paulo, iliendelea kunakiliwa katika Biblia nyingi za Kilatini kwa karne kadhaa kwa kuwa watu waliizoea. Mazoea bila mtu kama Serapioni wa kuketi na kusoma hupitisha mengi. Leo hatari hiyo ina sura yake: unabii uliorekodiwa kwa simu, mahubiri ya mtumishi fulani yanayosomwa kwa uzito ule ule wa Injili. Karibu mwaka 170 Montano na wanawake wawili, Priskila na Maksimila, walileta huko Frigia unabii mpya wa namna hiyo, na ubishi juu yao uliwafanya wengi waulize kama kuna mstari wa mwisho.

Nini kifanyike? Kwanza, mafunzo ya makatekista yawe na siku moja nzima ya habari hizi, kwa Kiswahili, na yaanzie Scilli na Cirta kabla ya Roma. Pili, wachapaji waweke mwanzoni mwa kila Biblia, ya vitabu 66 na ya vitabu 73, ukurasa mmoja unaoeleza kwa nini hesabu zinatofautiana. Biblia Habari Njema, iliyofanyiwa kazi na Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, imekwisha kuonyesha kwamba inawezekana kukaa meza moja. Tatu, wachungaji na mapadre wasiwafiche vijana injili za apokrifa. Wawasomee, na tarehe zake. Kijana anayeona kitabu kwa mara ya kwanza kwenye simu, akiambiwa kimefichwa, ataamini kimefichwa. Na katekista anayejua turubai lake lina madhehebu mawili aanze kwa kusema kitabu anachofungua ni kipi na kwa nini mwenzake hana. Dakika mbili zinatosha.

Akishasema hayo, anaweza kumwomba shemeji afungue barua ya Yuda, ambayo wote wawili wanayo, aya 25 tu. Katika aya ya 14 Yuda anamtaja Henoko, wa saba tangu Adamu, na kuyanukuu maneno yake kama unabii. Kitabu cha Henoko hakimo katika Biblia ya mmoja wala ya mwingine. Kimo katika Biblia ya Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia, yenye vitabu 81, na katika lugha yao ya Ge'ez ndimo kilimosalia kizima hadi James Bruce alipozifikisha nakala Ulaya mwaka 1773. Na askofu wa kwanza wa Aksum, Frumensio, aliwekwa wakfu na Atanasi yule yule wa barua ya mwaka 367.

Kuni za moto zitakuwa bado zipo. Wote wawili wana hadi asubuhi.